Kunapitika? Mhadhara Kuhusu Herufi Moja ya Kichina

Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, kusini ya Mto Rufiji. Mabasi na malori yakakwama pande zote mbili. Siku za namna hiyo msafiri aliyeko stendi ya Kibiti, kwenye barabara hiyo, hana haja ya kujua nani amepita na nani amerudi. Anauliza neno moja tu: "Kunapitika?"

Mchina anayeuliza jambo hilohilo huishia kwenye herufi moja, 通, inayosomwa tong. Lu tong le: barabara sasa inapitika. Lu bu tong: barabara haipitiki. Nchini China kibao kinachowekwa mdomoni mwa njia isiyotokeza popote huwa na herufi nne, 此路不通, na dereva anayeziona hugeuza gari bila kuuliza zaidi.

Mtu akiitafuta herufi hiyo katika kamusi atakutana na orodha ya kuchosha: kupita, kuunganisha, kuwasiliana, kujulisha, kuelewa, kutumika kote, kawaida, bingwa wa jambo, pesa, na hata kula njama. Mwanafunzi mpya huhisi amepewa herufi kumi kwa jina moja. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba mzungumzaji wa Kiswahili, awe Dimani ya Kibiti au Mombasa, ana njia fupi ya kuielewa, na njia hiyo imo ndani ya sarufi aliyokua nayo. Ni kauli ya kutendeka: pita ikawa pitika, fika ikawa fikika, soma ikawa someka, elewa ikawa eleweka, tumia ikawa tumika, pata ikawa patikana. Vitenzi hivyo havimjali sana mtendaji. Vinaeleza hali ya kitu chenyewe: kiko wazi, kinawezekana, hakina kizuizi. Anayefundishwa kwamba 通 ni "kupita" atahangaika nayo kila ukurasa. Anayefundishwa kwamba ni "kupitika" ataona sehemu kubwa ya orodha ile ikijipanga yenyewe.

Kwanza umbo lake. 通 huandikwa kwa mikwaju kumi ya kalamu. Upande wa kushoto na chini kuna alama 辶, ambayo huonekana katika herufi nyingi zinazohusu mwendo na njia. Iko katika 道, njia, iko katika 远, mbali, na iko katika 进, kuingia. Juu yake imekaa 甬, ambayo kazi yake kubwa ni kumwonyesha msomaji namna ya kutamka. Herufi nyingi za Kichina zimeundwa hivyo, kipande kimoja kikidokeza maana na kingine kikidokeza sauti, na anayelijua hilo mapema huokoa miezi ya kukariri. Hiyohiyo 甬 ikiwekwa pembeni mwa alama ya mti inatoa 桶, tǒng, ndoo au pipa. Ikiwekwa na mkono inatoa 捅, tǒng, kudunga. Ikiwekwa na maji inatoa 涌, yǒng, kububujika. Ikikaa juu ya alama ya nguvu inatoa 勇, yǒng, ushujaa. Na ikifunikwa na alama ya ugonjwa inatoa 痛, tòng, maumivu. Waganga wa jadi wa China wanapenda kuzilinganisha 通 na 痛, kwa kuwa katika tiba yao maumivu hutokea pale ambapo damu na nguvu ya mwili hazipiti vizuri. Mchezo huo wa sauti umewafaa wauza dawa kwa karne nyingi.

Msomaji ameona vialama vilivyo juu ya irabu. Hivyo ni vya pinyin, mfumo wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini uliopitishwa rasmi mwaka 1958, na vinaonyesha toni. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuendelea na safari. Kichina hubadilisha maana kwa kupandisha au kushusha sauti. Tōng ya mhadhara huu husemwa kwa sauti ya juu isiyoyumba. Ikishushwa ghafla, inaweza kusikika kuwa maumivu.

Kamusi ya kale inayotajwa zaidi katika elimu ya herufi hizi ni Shuowen Jiezi, iliyoandaliwa na Xu Shen yapata mwaka 100 wa zama zetu. Yeye aliifasili 通 kwa herufi moja tu, 达, dá, kufika. Ni fasili nzuri, ila imechanganya mambo mawili ambayo Kichina cha leo kinayatenga, na ambayo Kiswahili kinayatenga vilevile. 达 inamtazama anayekwenda hadi afike. 通 inaitazama njia. Mahali penye barabara nyingi Wachina hupaita 四通八达: panapitika pande nne, panafikika pande nane.

Sasa sarafu, maana ndiko herufi hii ilikogusa pwani ya Waswahili kabla Kibiti haijajulikana kwa korosho.

Mwaka 621 watawala wa nasaba ya Tang walianza kutoa sarafu mpya ya shaba, ya mviringo, yenye tundu la mraba katikati ili zitungwe kwenye kamba. Kuzunguka tundu kulikuwa na herufi nne: juu 開, chini 元, kulia 通, kushoto 寶. Wengi huzisoma juu, chini, kulia, kushoto, wakapata Kaiyuan Tongbao. Wengine walizisoma kwa kuzunguka na kupata Kaitong Yuanbao, na mjadala huo haujawahi kumnyima mtu haki ya kununua mchele. Jambo lililobaki ni tamko tongbao. Bao ni hazina, kitu cha thamani. Tongbao ni hazina inayopitika mikononi, yaani inayokubalika kwa muuzaji na mnunuzi, ikatoka kwa huyu na kwenda kwa yule. Kwa zaidi ya miaka elfu moja watawala wa China waliendelea kuweka maneno hayo kwenye sarafu nyingi, wakibadilisha herufi mbili za mwanzo tu ili kutaja kipindi cha utawala.

Mwaka 1945 huko Kajengwa, Makunduchi, kusini mwa Unguja, ilipatikana akiba ya sarafu za Kichina zilizokuwa zimefukiwa pamoja. Nyingi zilikuwa za nasaba ya Song, iliyotawala kuanzia 960 hadi 1279. Sarafu za Song si zote zenye 通, kwa sababu nyingine zilitumia 元 mahali pake. Hata hivyo, aliyezifukia, akiwa Mswahili wa Makunduchi au mgeni aliyepita, alikuwa na herufi hii chini ya udongo wa Unguja muda mrefu kabla Wareno hawajaifikia pwani hii. Katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Chapurukha Kusimba wa makumbusho ya Field ya Chicago na Sloan Williams wa Chuo Kikuu cha Illinois walitangaza kupata sarafu ya Yongle, 永樂通寶. Mfalme Yongle ndiye aliyemtuma Zheng He baharini. Safari saba za Zheng He zilifanyika kati ya 1405 na 1433, na baadhi ya merikebu zake zilifika pwani ya Afrika Mashariki, ikiwemo Malindi.

Hapa inafaa kupunguza kasi kidogo. Magazeti yalipoiandika sarafu ya Manda, mengi yalikwenda moja kwa moja kwenye picha ya Zheng He akitia nanga Lamu. Sarafu moja haithibitishi hivyo. Shaba yenye tundu ingeweza kupita kwa Mchina, ikaenda kwa Mhindi wa Kalikati, ikaingia kwenye mkoba wa Mwarabu wa Hormuz, halafu ikaja na kaskazi ndani ya jahazi lisilo na Mchina hata mmoja. Huko ndiko kupitika kwenyewe. Sarafu za Yongle zenyewe zilitumika sana Japani, ambako zilikuwa pesa ya kuaminika hadi mwanzoni mwa karne ya 17, ilhali ndani ya China serikali ya Ming ilikuwa ikisukuma noti za karatasi.

Kilwa nayo ilikuwa na yake. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu za shaba zenye maandishi ya Kiarabu yaliyopangwa kwa vina, nusu ya kwanza upande mmoja na nusu ya pili upande wa nyuma. Sarafu ya sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, imepatikana Great Zimbabwe. Sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Nani alizipeleka huko ni jambo la kubishaniwa. Na katika delta ya Rufiji yenyewe, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipata shanga za kioo za zama za Warumi katika eneo la Mkukutu, ugunduzi alioutangaza mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo mtu wa Dimani asidhani kwamba maandishi anayoyaona leo kwenye maboksi ya Kariakoo ni wageni wa kwanza kutoka mbali katika mitaa hii.

Jambo moja zaidi kuhusu sarafu ya Yongle. Serikali ya China ilipoanza kurahisisha maandishi mwaka 1956, herufi nyingi zilipunguzwa mikwaju. 樂 ikawa 乐, na 寶 ikawa 宝. 永 na 通 zikaachwa kama zilivyo. Mwanafunzi wa Kichina wa Kibiti akionyeshwa sarafu hiyo ya miaka mia sita, ataweza kusoma herufi ya kulia kwa tundu bila msaada.

Tutoke kwenye pesa turudi njiani. Kichina hupenda kuweka nomino baada ya 通 ili kusema ni nini kinachoweza kupita. 通车, tongche, ni kupitika kwa magari au treni, yaani kufunguliwa kwa barabara au reli. 通航, tonghang, ni kupitika kwa vyombo vya majini au vya angani. 通水 ni maji kufika bombani. 通电 ni umeme kufika. Kijiji kilichounganishwa na mradi wa umeme vijijini kwa Kichina kime-tongdian. 通邮 ni barua kuweza kufika. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975 na kukabidhiwa Julai 1976. Siku ya kukabidhi reli ni sherehe ya viongozi. Siku ya tongche ni siku treni inapoweza kutembea, na fundi anaijua tofauti.

Wakazi wa Kibiti hawahitaji mfano wa mbali. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, aliyekuwa anakwenda Lindi au Mtwara alitegemea pantoni ya Ndundu, na Rufiji ikifura safari ilisimama. Daraja lenye urefu unaokaribia kilomita moja likamaliza tatizo la mto, lakini kipande cha kilomita 60 kutoka Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwa tope kwa miaka mingi kabla ya kuwekewa lami. Mto ulikuwa tong, barabara bado.

Delta nayo inafundisha kwamba kupitika hakufanani kwa kila mpitaji. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya mikondo ya Rufiji, katikati ya mikoko. Manowari kubwa za Waingereza zilifika mdomoni mwa mto na kukwama hapo, maana zilihitaji kina ambacho mikondo haikuwa nacho. Ikabidi zije mbili maalumu, Severn na Mersey, zenye kuelea kwenye maji haba, ndipo Königsberg ikaangamizwa Julai 1915. Mkondo uleule ulipitika kwa hizi na haukupitika kwa zile, kama ambavyo leo mtumbwi wa mvuvi wa Salale hupenya wakati wa maji kupwa mahali ambapo boti ya injini lazima isubiri maji yajae. Ndiyo maana Kichina hakiridhiki kusema tong peke yake katika matangazo rasmi. Huongeza gari, chombo, umeme au barua.

Simu ndiyo iliyoifanya herufi hii kuwa ya kila saa. Mtu akimpigia mwenzake na asimpate husema 打不通, da bu tong. Da ni kupiga, bu ni kukanusha, na tong inakaa mwishoni kueleza kwamba kitendo hakikupenya hadi upande wa pili. Mtanzania anaijua sentensi hiyo kwa sauti ya kampuni ya simu: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Kichina hakisemi "sikumpata", na ujumbe wa simu wa Kiswahili hausemi hivyo pia. Kote tatizo limewekwa kwenye njia. Muundo huohuo wa kitendo, kikafuatiwa na 通, ni utajiri mkubwa. 想通, kufikiri hadi jambo likaeleweka, hutumika kwa mtu aliyekuwa na kinyongo au mkanganyiko halafu akatulia. 说不通, maelezo hayaingii akilini. 行不通, mpango hautekelezeki. Mwalimu akiandika 不通 kwenye insha ya mwanafunzi anamaanisha sentensi hazisomeki. Na mtu asiyejua lolote kuhusu jambo fulani, tuseme hesabu au mpira, husemwa kwamba 一窍不通: kati ya matundu yote ya kupitishia akili, hakuna hata moja lililo wazi.

Ni matusi ya heshima, na Wachina wengi hujisema wenyewe hivyo kabla hawajasemwa.

Maboksi sasa. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mzigo Guangzhou au Yiwu hukutana na 通 mara tatu kabla bidhaa haijafika dukani. Mara ya kwanza ni kwenye vifurushi vya ndani ya China. Kampuni nne kubwa za usafirishaji wa vifurushi zinaitwa kwa utani 三通一达, tong tatu na da moja: Shentong, Yuantong, Zhongtong, na Yunda. Ni yale maneno mawili ya Xu Shen, kupitika na kufika, yakiwa yamebandikwa kwenye mabegi ya plastiki mamilioni kila siku. Waasisi wa kampuni hizo wengi walitoka wilaya moja ya mkoa wa Zhejiang inayoitwa Tonglu, na hapa kuna mtego: tong ya Tonglu ni 桐, jina la mti, yenye toni inayopanda. Haina uhusiano na herufi yetu.

Mara ya pili ni 通关, tongguan, mzigo kutoka forodhani. Guan ni lango la ukaguzi. Wakala akimwandikia mteja wake kwamba mzigo umesha-tongguan, maana yake karatasi zimekubaliwa. Haina maana kwamba mzigo umeondoka bandarini au umefika popote. Wafanyabiashara waliotoa fedha kwa kuchanganya mambo hayo mawili wapo.

Mara ya tatu ni 通用, tongyong, inayoandikwa kwenye chaja, kwenye vifaa vya umeme na kwenye maboksi ya spea za pikipiki. Ni "inatumika kote", yaani kifaa kinachoingia kwenye aina nyingi. Makampuni ya Marekani General Motors na General Electric yanaitwa kwa Kichina 通用汽车 na 通用电气. Fundi wa bodaboda wa Bungu au Kibiti akiiona 通用 kwenye boksi la spea, ajue anaambiwa kuhusu kuingiliana tu. Kuhusu ubora hakuambiwa kitu. Kibandiko kinachohusu ukaguzi wa kiwandani kina herufi nyingine, 合格, na hicho nacho kimewekwa na kiwanda chenyewe.

Biashara hiyo haiendi upande mmoja. Ufuta wa Pwani na Lindi, unaouzwa kwa stakabadhi ghalani, mnunuzi wake mkubwa ni China, na kaa wa mikoko wa delta husafirishwa wakiwa hai kwenda kwenye masoko ya huko. Nchi mbili kufungua biashara baina yao ni 通商. Watu wa jamii mbili kuoana ni 通婚. Pesa kuzunguka sokoni ni 流通, ambapo 流 ni kutiririka. Na pesa hiyo ikizidi kutiririka hadi thamani ikashuka, huitwa 通货膨胀, mfumuko wa bei. Zile herufi mbili za mwanzo, "kitu kinachopitika", ni jina la sarafu yenyewe, mjukuu wa tongbao.

Kuna upande usiopendeza. Kilicho wazi huwa wazi pia kwa wabaya. 串通 ni kula njama, kama wazabuni wawili waliokubaliana bei gizani. 私通 ni mawasiliano ya siri, na mara nyingi ni uzinzi. 通敌 ni kushirikiana na adui. 通缉 ni kumtangaza mhalifu atafutwe kila mahali.

Lugha rasmi ya China yenyewe inabeba herufi hii. Putonghua, 普通话, ni maneno matatu: pu, kuenea, tong, na hua, usemi. Uamuzi wa kuieneza ulichukuliwa katika mikutano ya mwaka 1955 na agizo la serikali la 1956, na matamshi ya Beijing yakafanywa kipimo. Msomi wa Kiswahili hapo atatabasamu. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya maeneo manne ya Afrika Mashariki ikaanza kazi Januari 1930. Mji mmoja ulipewa kazi ya kuwa masikio ya wengine wote. Mtu wa Mombasa na Mndengereko waliguna, Mkantoni na mtu wa Shanghai nao waliguna. Tofauti ni jina. Kiswahili sanifu kinajivunia usafi wa mpangilio. Putonghua inajiita lugha inayopitika kila mahali. Kwa maoni ya mwandishi, jina la Wachina linaeleza vizuri zaidi kile ambacho Kiswahili kimefanya kati ya Lamu na Kisangani.

Neno 普通 pekee limekuwa "kawaida", kama mtu wa kawaida au tiketi ya kawaida. Kilicho wazi kwa kila mtu hakina ufahari.

Je, hoja ya kauli ya kutendeka inafika kila mahali? Hapana. 通知, kujulisha, ina mtendaji wazi: ofisi inaandika, watu wanasoma. 通过 ina maana ya kupita kweli, mwanafunzi kufaulu mtihani au bunge kupitisha muswada. 通宵 ni usiku kucha, na 通红 ni nyekundu kote kote, ambapo herufi imebeba maana ya "mwanzo hadi mwisho". 中国通 ni mgeni anayeijua China ndani nje, na Mchina aliyekaa Afrika akaielewa huitwa 非洲通. Watu hao huenda wakafasiriwa kwamba kwao China au Afrika "inapitika", lakini hapo mhadhiri anaanza kulazimisha, na ni vyema aache. Kuna pia matumizi ya toni ya kushuka, tòng, kuhesabia mizunguko ya kitendo: kumfokea mtu raundi moja, kupiga ngoma raundi tatu. Hilo lijifunzwe peke yake.

Makosa ya wanafunzi Waswahili nayo yanaeleweka kwa njia hiyohiyo. Kosa la kwanza ni kusema wo tong kwa maana ya "nimepita", badala ya kutumia 过, guo, ambayo ndiyo hufuata msafiri. La pili ni kuitumia kwa "nimeelewa" la papo kwa hapo darasani. Hilo ni 懂, dong. 通 huja pale ambapo palikuwa na kizuizi kikaondoka. La tatu, na hili ni la wafanyabiashara, ni kudhani kwamba kukanusha kwake ni mei tong na bu tong bila tofauti. Mei tong inasema hadi sasa haijafunguka. Bu tong inasema haipitiki, na pengine haitapitika. Anayesubiri mzigo anapaswa kutega sikio hapo.

Kichina hakifundishwi tena mbali. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 2013 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Zhejiang, kilichoko Jinhua, eneo ambalo ndani yake kuna Yiwu, soko linalolisha maduka ya Kariakoo. Mwaka huohuo Dodoma ilipata yake, na Nairobi ilikuwa nayo tangu 2005. Kwa upande wa pili, redio ya Beijing ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na vyuo vya huko vimekuwa vikifundisha Kiswahili tangu miaka hiyo. Walimu wapo pande zote mbili. Kinachokosekana ni vitabu vinavyoanzia kwenye Kiswahili chenyewe, kwa kuwa wanafunzi wengi wa hapa bado hupitia maelezo ya Kiingereza, lugha isiyo na kiambishi -ik-, na hivyo hupoteza msaada uliokuwa mdomoni mwao.

Ombi la mhadhara huu kwa taasisi za Kiswahili TATAKI na BAKITA, na kwa yeyote anayeandaa kamusi ya Kichina na Kiswahili ni dogo: kwenye kidahizo 通, waandike kwanza pitika, ndipo wafuatishe patikana, eleweka na tumika, na pita waiweke mwishoni.